Uzi wa chini usiishie kwenye kola: shajara ya karakana ya sare, Mwanjelwa

9 Novemba 2024: Tulipo na tunapotaka kufika

Karakana yetu iko Mwanjelwa, jijini Mbeya. Tuna cherehani mbili za miguu, Butterfly, na moja ya umeme ya kiwandani, Juki DDL-8700. Kuanzia sasa hadi shule zifunguliwe Januari tunashona sare: mashati meupe, sketi za marinda za bluu, na kaptula. Lengo la mradi ni moja tu, uzi wa bobini (kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini) usiishe katikati ya mshono unaoonekana. Nitaandika kila hatua ikikamilika, ili fundi wa Uyole, Makambako au Tunduma aweze kuiga au kuboresha.

Fundi yeyote anaijua hali yenyewe. Uzi wa chini ukiisha cherehani haisimami. Sindano inapanda na kushuka, kitambaa kinasogea, na uzi wa juu unalala juu ya nguo bila kushika kitu. Ukiwa unakimbiza kazi unaweza kumaliza upande mzima wa sketi ndipo ujue umetoboa matundu matupu. Kwenye mshono wa ndani unarudi nyuma sentimita mbili, unapanda juu ya mishono ya mwisho, unaendelea. Kwenye kola haiwezekani. Mshono wa juu wa kola uko karibu na uso wa mvaaji, na kiungo chochote kinaonekana. Inabidi ufumue hadi kwenye kona na uanze pale, na kitambaa cheupe kinabaki na matundu ya mara ya kwanza mpaka nguo ifuliwe. Mzazi anayelipia shati jipya ana haki ya kuuliza yale matundu ni ya nini.

Wanafunzi wetu huuliza kwa nini bobini isitengenezwe kubwa, ijae uzi wa wiki nzima. Jibu liko kwenye mshono wenyewe. Katika kila mshono mmoja, kitanzi cha uzi wa juu kinavutwa na ndoano iliyo chini ya sindano, kinapitishwa kuizunguka bobini yote pamoja na nyumba yake (kikasha cha chuma kinachoishika), kisha kinarudishwa juu na ule mkono wa chuma unaocheza mbele ya cherehani. Bobini ikikua, kitanzi lazima kikue, na uzi uleule utasuguliwa mara nyingi zaidi kwenye tundu la sindano kabla haujatulia kwenye kitambaa. Tangu Mmarekani Allen B. Wilson apewe hataza ya ndoano yake ya kuzunguka mwaka 1851, kizuizi hicho hakijaondoka. Kwa hiyo bobini itabaki ndogo, na uzi wake utaisha. Kazi yetu ni kujua utaisha lini.

14 Novemba: Kupima bobini

Tulipiga misumari miwili kwenye ubao, umbali wa mita moja, tukaufungua uzi wa bobini kwa kuuzungusha kwenye misumari hiyo. Kila mzunguko ni mita mbili. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo iliyobeba mradi wote.

Bobini ni ile ya chuma ya Butterfly, kipenyo karibu milimita 20 na upana karibu milimita 12. Uzi ni wa polista wa koni, unene wa 40/2. Bobini iliyojazwa vizuri ilitoa karibu mita 50. Zile zilizojazwa haraka asubuhi, zikiwa zimevimba upande mmoja, zilitoa mita 38 mpaka 42. Hapo tatizo la kwanza likajitokeza: hatukuwa na bobini moja, tulikuwa na bobini za kila namna, ndiyo maana kukadiria kwa mazoea kulikuwa hakusaidii. (Kwa hesabu ya jumla, koni ya yadi 5,000 ni mita 4,572, yaani bobini kama 90 zilizojaa.)

Kisha matumizi. Mshono ukikaa sawasawa, nyuzi mbili zinakutana katikati ya unene wa kitambaa. Hivyo kila mshono mmoja unakula uzi wa chini sawa na urefu wa mshono, ukijumlisha unene wa kitambaa. Mshono wa milimita 2.5 kwenye tabaka mbili zenye unene wa milimita 0.8 unakula milimita 3.3. Kwenye marinda, ambako kitambaa kimekunjwa mara tatu na zaidi, unakula karibu milimita 4 kwa urefu uleule. Ndiyo sababu sketi fupi inamaliza uzi kuliko unavyodhani ukiitazama.

Ili tusibaki na hesabu za karatasi, tulijaza bobini uzi uliopimwa, tukashona nguo moja kamili, tukapima uliobaki. Shati la mikono mifupi la mtoto wa darasa la tano lilikula karibu mita 15 za uzi wa chini. Sketi ya marinda, mita 11.

16 Novemba: Kujaza

Kabla ya chombo chochote, tulirekebisha ujazaji. Haya ndiyo yaliyoleta tofauti:

Uzi lazima upite kwenye kile kidude kidogo cha kukaza kabla ya kufika kwenye bobini. Mwanafunzi mmoja alikuwa anaushika kwa vidole tu, na bobini zake zilikuwa laini ukizibonyeza. Bobini laini inabeba uzi mchache, na tabaka la juu linazama ndani ya la chini kisha linakwama wakati wa kushona.

Kimpira cha kujazia kwenye Butterfly moja kilikuwa kimelika na kung'aa, kinateleza kwenye gurudumu. Kipya ni shilingi 1,000. Tulibadilisha kwenye cherehani zote mbili.

Uzi usifungwe fundo kwenye mhimili wa bobini. Upitishe kwenye tundu la pembeni, ushike mkia kwa mizunguko ya mwanzo, kisha ukate mkia usawa na chuma. Ukiufunga, siku uzi unapoisha fundo linaivuta bobini, mshono unakazwa ghafla, kitambaa kinajikunja na sindano inaweza kupinda. Usipofungwa unatoka kimya kimya bila kuvunja kitu.

Usijazie juu ya mabaki. Mita tatu za zamani chini na uzi mpya juu ni kiungo kinachongoja kutokea kwenye kola.

Na usikimbie. Polista inanyumbuka. Ukiijaza kwa kasi na kwa kukaza sana, inakaa kwenye bobini ikiwa imevutika, na ikishashonwa inarudi kwenye urefu wake na kuivuta nguo. Tuliliona kwenye pindo la mashati: lilitoka limejikunja kidogo hata baada ya pasi, na skrubu ya kukaza uzi kwenye nyumba ya bobini haikuwa na kosa lolote.

Baada ya hapo bobini zote zilianza kutoa kati ya mita 48 na 51. Sasa tuna kitu cha kuhesabia.

23 Novemba: Uzi wa rangi (umefanya kazi nusu)

Njia hii ni ya zamani na mafundi wengi wanaijua: mita chache za mwanzo kwenye bobini unazipaka rangi ya kalamu, kisha unaendelea kujaza kawaida. Rangi ikitokea upande wa chini wa mshono, uzi uko ukingoni.

Kwenye mishono ya ndani ya sketi imefanya kazi safi. Kwenye shati jeupe imeshindwa, na imeshindwa vibaya, kwa sababu onyo lenyewe linaandikwa kwenye nguo. Isitoshe, kugundua rangi kunataka ugeuze kitambaa, na anayeshona mstari mrefu hageuzi. Wino mwingine ulichujuka kwenye maji ya kwanza ya kufulia. Tumeiacha kwa mashati, tumeibakiza kwa sketi na mifuko ya ndani ya kaptula.

30 Novemba: Kalkuleta inayohesabu mishono (toleo la kwanza limeshindwa)

Mashine za kiwandani zenye paneli huwa na hesabu ya bobini: unaweka idadi, mashine inahesabu na kukuonya. Tulitaka kitu cha namna hiyo kwenye cherehani ya miguu, kwa bei ya karakana.

Njia yenyewe: kalkuleta nyingi za kawaida ukibonyeza 1, +, kisha = mfululizo, kila = inaongeza moja. Kwa hiyo ukiunganisha waya mbili chini ya kitufe cha =, na ukazifungia kwenye swichi ya sumaku, kila sumaku inapopita swichi inajifunga na kalkuleta inaongeza moja. Swichi yenyewe ni kijibomba cha kioo chenye ndimi mbili nyembamba za chuma ndani. Sumaku tulitoa kwenye spika za masikioni zilizokufa. Gurudumu la mkono likizunguka mara moja, sindano imepiga mshono mmoja, hivyo sumaku tuliibandika kwenye gurudumu hilo.

Fundi redio wa jirani alichomelea waya kwa risasi. Kioo cha swichi ya kwanza kilipasuka tulipokuwa tunakunja miguu yake. Miguu ishikwe kwa koleo karibu na kioo, ukunje upande wa nje wa koleo. Swichi ya pili tuliiingiza ndani ya bomba la kalamu tupu na kuziba ncha kwa gundi, na hapo ikawa salama.

Tukizungusha kwa mkono mara 100, ilionyesha 100. Tukikanyaga kwa kasi ya kazi, ilipoteza hesabu. Tulihakikisha kwa karatasi: unashona ukanda wa karatasi bila uzi kisha unahesabu matundu. Kwa mwendo wa taratibu matundu na namba vililingana. Kwa mwendo wa kasi kalkuleta ilikuwa inaona kama theluthi mbili tu. Fundi redio alisikiliza, akasema, "Dada, hii inahesabu vidole vya mtu, haihesabu mbio za cherehani." Ndivyo ilivyo. Kalkuleta inakagua vitufe vyake kwa awamu na inataka kitufe kibaki kimebonyezwa kwa muda; sumaku ya mbio inagusa na kupita kabla haijaonekana.

Tulisogeza sumaku karibu na katikati ya gurudumu, ambako inapita polepole zaidi na swichi inabaki imefungwa kwa sehemu kubwa ya mzunguko. Namba ziliboreka, lakini bado zilikuwa pungufu. Hesabu inayopungua ni mbaya kuliko kukosa hesabu, kwa sababu inakuambia uzi upo wakati umeisha.

7 Desemba: Toleo la pili, gurudumu la chini

Suluhisho lilikuwa chini ya meza. Gurudumu kubwa la miguu linazunguka polepole kuliko la juu. Tuliweka alama ya chaki kwenye yote mawili, tukazungusha la chini mara 10, la juu likazunguka mara 42. Yaani mzunguko mmoja wa chini ni mishono 4.2. Hata fundi akanyage kwa nguvu zake zote, gurudumu la chini halifiki mizunguko mitatu kwa sekunde, na kasi hiyo kalkuleta inaimudu bila shida. Pima cherehani yako mwenyewe, usichukue namba yetu: magurudumu yanatofautiana, na mkanda uliolegea unateleza.

Sumaku sasa iko kwenye tindi ya gurudumu la chini, swichi imefungwa kwenye mguu wa chuma, nafasi kati yao milimita nne. Gurudumu letu linayumba kidogo, na siku ya kwanza lilikuwa linaruka hesabu kila sumaku ilipopita mbali na swichi. Tulikaza egemeo lake, likatulia. Waya zimefungwa kwenye mguu wa cherehani hadi juu, mbali na mkanda na mbali na khanga ya anayeshona.

Badala ya kuhesabu kupanda, tunahesabu kushuka. Unaandika idadi ya mizunguko ambayo bobini inaimudu, kwa mashati 3200 (ilivyopatikana naeleza hapo chini), unabonyeza −, 1, =. Kila mzunguko unapunguza moja. Alama ya kutoa ikitokea mbele ya namba, maliza kipande ulichoshika na ubadilishe bobini. Kalkuleta ya namna hii haina mlio, kwa hiyo imebandikwa pale jicho linapopita, kando ya sindano.

Tahadhari mbili. Ukijaza bobini kwenye cherehani hiyohiyo, gurudumu la chini linazunguka na namba inakimbia, basi weka 3200 upya baada ya kujaza. Na kalkuleta nyingine zinajizima zenyewe baada ya dakika chache na kusahau kila kitu. Kabla ya kununua, iwashe uiache juu ya meza ya muuzaji mpaka uridhike. Yetu ya kwanza ilijizima fundi alipokwenda kunywa chai, na tulilazimika kuirudisha dukani kwa kuongeza 1,500.

14 Desemba: Namba halisi

Tuliacha uzi uishe makusudi, kwenye mishono ya ndani, ili tuone kalkuleta inasemaje. Hesabu ya karatasi (mita 50 kugawanya kwa milimita 3.3 za kila mshono, kisha kwa mishono 4.2 ya kila mzunguko) ilisema mizunguko 3,600. Kwenye mashati uzi uliisha karibu na 3,480, kwa sababu kola na mikanda ya vifungo ni minene kuliko tulivyokadiria. Kwenye sketi uliisha karibu na 3,050. Tumeweka 3,200 kwa mashati na 2,800 kwa sketi.

Wiki hii ndiyo niliyoamini. Mwanafunzi alikuwa kwenye shati la tatu, kola imebaki, akasema, "Mama, bado mia nne." Akashona kola yote bila uzi kuisha. Alipomaliza tukaitoa bobini na kuitazama: uzi uliobaki ulikuwa tabaka chache tu, na chuma cha mhimili kilianza kuonekana kupitia matundu ya pembeni.

18 Desemba: Bobini kuchanganyika

Bobini ya Juki ni pana kwa mduara lakini nyembamba, kama milimita 9. Ukizimwaga kwenye kopo moja na za Butterfly, mtu mwenye haraka anachukua yoyote. Kuna bobini ya Juki iliyoingia kwenye nyumba ya Butterfly ikawa inachezacheza ndani, na mshono ukawa unalegea na kukaza bila mpangilio. Mtu wa kwanza aligusa skrubu ya kukaza, wa pili akaigusa tena, na kuirudisha kulichukua mchana mzima.

Sasa bobini za Butterfly zina tone la rangi nyekundu ya kucha kwenye ukingo. Kuna ubao wenye misumari: safu ya juu zilizojaa, ya chini tupu. Zilizoanguka kwenye sakafu ya saruji zikapinda ukingo tumezitupa, na zenye ncha kali tumezisugua kwa msasa laini, maana ncha hiyo inakata uzi na lawama zinaangukia sindano.

21 Desemba: Kanuni ya mafungu

Juki haikupata kalkuleta. Imetengenezwa kuweza kufika zaidi ya mishono 5,000 kwa dakika. Hata kwa mwendo wa mishono 4,000, bobini nzima ingekwisha ndani ya dakika nne za kukanyaga mfululizo. Lakini namba tulizokwisha kupata zinatosha bila chombo chochote. Mashati matatu yanakula mita 45 kati ya 50. Sketi nne zinakula 44. Basi tunafunga vipande vilivyokatwa katika mafungu: mashati matatu kwa fungu, sketi nne kwa fungu. Bobini ya Juki inabeba tofauti kidogo, tuliipima kwenye misumari ileile na mafungu hayohayo yakatosha. Fungu jipya, bobini mpya, hata kama ya zamani inaonekana ina uzi. Na Juki inajaza bobini ya pili huku unashona, kwa hiyo hakuna anayesimama kungoja.

Fundi mmoja alilalamika kwamba tunatupa uzi. Hatutupi. Mabaki ya mita tano yanatumika kupiga bandi na kushona mifuko ya ndani, mahali ambapo kuisha hakuumizi mtu. Na katika mpangilio wa fungu, kola zinashonwa mwanzo, bobini ikiwa imejaa. Hilo peke yake, bila kalkuleta wala hesabu, lingeondoa sehemu kubwa ya kero yetu, na kama una muda wa kufanya jambo moja tu kutoka kwenye shajara hii, fanya hilo.

11 Januari 2025: Baada ya msimu

Sare zimetoka. Kola hazikufumuliwa kwa ajili ya uzi wa chini tangu mafungu yaanze. Uzi uliisha mapema kwenye fungu moja la sketi za wasichana wakubwa, zenye pindo refu. Fungu la saizi hizo sasa ni sketi tatu.

Gharama zote, kwa shilingi: bobini mpya 30, 15,000. Vimpira viwili, 2,000. Kalkuleta pamoja na nyongeza ya kubadilishia, 7,500. Swichi mbili za sumaku, 2,500. Waya, 1,000. Ufundi wa kuchomelea, 3,000. Misumari 500, rangi ya kucha 1,000. Jumla 32,500. Asiyetaka kalkuleta atatumia 18,500, na ukiwa na bobini za kutosha zenye hali nzuri itashuka hadi 3,500.

Fundi redio ameomba kuunganisha king'ora kidogo kwenye alama ya kutoa. Nimemwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, tutajaribu msimu ukiwa umepoa. Kinachofuata kwanza ni kaptula za kaki: kitambaa kizito, uzi mnene zaidi, na bobini iliyojaa uzi mnene inabeba mita chache. Misumari miwili bado iko kwenye ubao. Tutapima wiki ijayo na namba nitaziweka hapa.